Chuma cha Mguu wa Rosa

Mwezi wa nane Nachingwea nzima inanuka salfa, na Saturnini hana raha. Mikorosho imetoa maua, kila mwenye shamba anadamka kuipulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri, na mashine za kupulizia zinakufa kama kuku wa kideri. Zikishakufa zinaletwa kwake. Hii tangi limetoboka, ile mpini umekatika, nyingine hata haijulikani inaumwa nini, mwenyewe anasema tu, "Fundi, hebu iangalie." Iangalie! Utadhani macho ya fundi ni ya kuazimana. Macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kutazama moto wa kuchomelea, mgongo ulikuwa umekwisha, na kifuani kulikuwa na kikohozi ambacho kilikataa kutoka na kilikataa kukaa. Alikuwa anaamka amechoka, analala amechoka, na katikati anafanya kazi.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na mguu wa mke wake.

Rosa alipata polio akiwa mtoto. Mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, goti halikazi. Bila chuma cha kulishikilia, goti linajikunja lenyewe na mwenye mguu anakwenda chini mzimamzima. Chuma chenyewe ni pau moja inayopita upande wa nje wa mguu, kuanzia pajani hadi ndani ya kiatu, ikafungwa kwa mikanda ya ngozi. Cha kwanza alipewa hospitali ya misheni alipokuwa msichana. Kilipokatika akapelekwa kwa kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kuchomelea, jina lake Saturnini. Kijana akakiunga. Kikakatika tena, akakiunga tena, mpaka watu wakaanza kuulizana kama chuma ni kibovu au ni kijana anayetaka kirudi. Wengine hutongoza kwa kanga na sabuni ya kunukia. Saturnini alitongoza kwa kuchomelea. Wakaoana, wakajaliwa mtoto mmoja, Beatrisi, ambaye sasa ni sista na anafundisha chekechea kule Likunja.

Ndoa ilidumu vizuri tu. Chuma ndicho kilichokataa kudumu.

Shida yake nitaieleza polepole, maana hata mimi niliambiwa mara mbili ndipo nikaelewa. Sehemu ya juu, inayogusa ngozi, lazima iwe ya stenlesi, kwa sababu jasho linakula chuma cha kawaida na kutu yake inamtoa Rosa vidonda. Sehemu ya chini, inayoingia kwenye kiatu, lazima iwe ya springi ya gari, maana ndiyo inayobeba uzito na kunesa nao kila hatua. Stenlesi ya kuokoteza ukiiweka hapo inapinda siku ya kwanza. Vyuma viwili, kila kimoja na tabia zake. Ukiviunga kwa moto wa umeme vinashikana, vinapendeza, unapiga msasa, unafurahi. Zikipita wiki chache, ile springi inakatika pembeni kidogo ya kiungo, pale ilipounguzwa na moto ikawa ngumu na kavu. Saturnini alishajaribu fito za kuchomelea za kila aina. Alishapiga na ribiti. Zikalegea, zikawa zinachana soksi na ngozi. Na kila chuma kilipokatika, kilikatika Rosa akiwa amesimama juu yake.

Aliangukia nyanya za watu sokoni. Aliangukia jikoni, akaungua mkono. Mara ya mwisho aliangukia kwenye jumuiya ndogondogo, sinia la vikombe mkononi, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyecheka. Rosa hakuwahi kumlaumu mumewe. Heri angelaumu! Alikuwa anakaa kitandani, anafungua mikanda, anampa vipande viwili bila neno, na Saturnini anavipokea kichwa chini, na yeye anarudi kwenye mkongojo mpaka kiungwe tena. Mafundi wote wa mjini walijua. Fundi mzima, anaunga mageti ya watu na matrela ya trekta, halafu chuma cha mkewe mwenyewe kinamshinda.

Sasa Beatrisi alikuwa anaweka nadhiri za daima, Jumamosi, kanisani Ruangwa. Katika misa ile kuna jambo ambalo wazazi wa masista hulingoja miaka nenda rudi. Binti anaingia kanisani katikati ya baba na mama. Wazazi wamemshika mikono, kila mmoja upande wake, na mkono wa pili wa kila mzazi una mshumaa unaowaka. Wanatembea hivyo watatu kutoka mlangoni hadi mbele ya altare, na pale wazazi wanamwachia. Akishaachiwa, ni mtoto wa kanisa. Sasa niambie, mama mwenye mkono mmoja kwa mtoto na mwingine kwa mshumaa, mkongojo anaushika na nini?

Rosa alilisema mara moja tu, huku anachambua kisamvu.

"Mimi sitaki kingine, Baba Beatrisi. Nataka nimfikishe mwanangu bila kuanguka mbele ya askofu."

Halafu akaendelea na kisamvu chake. Saturnini akatoka nje akaenda kukohoa.

Wiki ile ya kuelekea nadhiri ndipo alipoingia Agatha kutoka Dar es Salaam. Agatha ni mtoto wa dada yake Saturnini, na kwa Wamwera mpwa si mtu wa kupita tu. Mjomba ana neno kwake, na yeye ana neno kwa mjomba. Anafundisha chuo kimoja cha ufundi huko Dar, na kazi aliyojichimbia miaka hii yote ni kuunga vyuma visivyofanana. Alifika bandani hata begi hajalitua nyumbani.

"Shikamoo, mjomba. Chuma cha Mama Beatrisi bado unakiunga kwa moto?"

"Marahaba. Ulitaka nikiunge kwa rozari?"

"Kwa msuguano."

Saturnini akavua miwani ya kazi, akamtazama. Alikuwa hana nguvu ya mafumbo. Agatha akavuta kigoda, akaokota misumari miwili, akaanza kueleza kwa mikono. Unachukua ncha ngumu sana, unaizungusha kwa mashine, unaikandamiza pale vyuma viwili vinapokutana. Inasugua, inasugua, mpaka chuma kinalainika bila kuyeyuka. Kikishalainika, unaitembeza ile ncha taratibu juu ya mstari, nayo inavikoroga vyuma vyote viwili mpaka vinakuwa kimoja. Kwa kuwa havikuyeyuka, na moto wake si mkali, springi haigeuki kuwa kavu.

Rosa alikuwa mlangoni na chakula cha mchana, ameegemea mkongojo wake.

"Kumbe ni kusonga ugali," akasema.

"Hasa! Kusonga tu, Mama Beatrisi. Sufuria isiyoyumba, mwiko mgumu, na mkono usio na haraka."

Ashraf, fundi pancha wa banda la pili, Myao na mtani wa Saturnini tangu ujana wao, alisikia kila kitu kwa sababu kazi yake kubwa ni kusikia. Akapiga kelele kutoka kwenye matairi yake: "Jamani, Wamwera wanasonga chuma! Na mboga itakuwa nini, nati?"

Watu wakacheka. Saturnini hakucheka. Alikuwa anamwangalia mkewe, na Rosa alikuwa anamwangalia Agatha kwa macho ambayo Saturnini alikuwa hajayaona kwa muda mrefu. Yalikuwa macho ya mtu anayetegemea kitu. Yalimtisha.

Sufuria isiyoyumba ilikuwepo. Nyuma ya banda kulikuwa na mashine kubwa ya kuchongea chuma, ya enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza, ambayo Saturnini aliinunua kama chuma chakavu na ambayo siku hizi ilitundikiwa makoti. Agatha akaondoa makoti, akaisukuma kwa bega. Haikujua hata kama imesukumwa. "Hii ndiyo tunayoitaka," akasema. Mwiko ndio uliokosekana. Wakaenda Ruangwa kuusaka kwa wachimbaji, kwenye biti kuukuu za kutobolea mwamba, maana kichwani mwa biti kuna vijiwe vigumu ambavyo hakuna chuma cha fundi kinachovifikia. Walizunguka juani siku nzima. Wakati wa kurudi Saturnini alilala garini mdomo wazi, kichwa kinagonga kioo, na hakuamka mpaka Agatha alipomshika bega wamefika.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukata tamaa. Kijiwe cha kwanza kilivunjika kabla hakijazama. Cha pili kilizama, kikakwama, mashine ikanguruma kama ng'ombe, umeme ukazimika banda zima. Mara kiungo kilitoka na tundu ndani yake, mara vyuma vikateleza kwenye vibano. Na huku mashine za salfa zinaendelea kuja, na wenyewe wanasimama mlangoni wanauliza, "Fundi, yangu?" Saturnini alikuwa anatoka kwenye mashine ya Agatha anaingia kwenye tangi la mtu, anatoka kwenye tangi anarudi kwa Agatha. Jioni alikuwa anakula akiwa ameshika kichwa.

Agatha alikuwa na masharti yake, na aliyasema kila wakati. Usikimbize. Isifike kuwa nyekundu. Na kubwa kuliko yote, kiungo kikitoka kwenye mashine kinafukiwa humu, kwenye debe la majivu ya moto, kinapoa chenyewe mpaka kesho.

"Maji marufuku, mjomba. Springi ikitoka hapa ikaguswa na maji, inakufa."

Alijua kwa nini anasisitiza. Babu yake, yaani baba yake Saturnini, alikuwa mhunzi wa majembe kule Marambo, na watoto wake wote aliwafundisha jambo moja kwa makofi: chuma kikitoka motoni kina kiu, kinyweshe. Jembe lisilonyweshwa maji linapinda kwenye mzizi wa kwanza. Saturnini aliacha majembe akaingia kwenye umeme, lakini kunywesha hakuacha. Akimaliza kuchomelea komeo la mtu, anachovya kwenye ndoo ya maji iliyo kando yake. Bawaba, anachovya. Mteja anapenda, maana anaondoka nacho kimepoa. Ukimuuliza kama huwa anachovya atakwambia hapana, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu hajioni.

"Hebu iondoe basi hiyo ndoo," Agatha akasema.

"Nikiiondoa nitajuaje tangi la mtu linavuja wapi? Nimekusikia, mama. Majivu."

Jumatano jioni kipande cha majaribio kilitoka kizuri. Walikifukia, na asubuhi yake wakakibana kwenye vaisi, wakavika bomba refu juu yake, wakavuta. Kikapinda. Wakaachia, kikarudi. Ashraf akaja akaning'inia kwenye bomba na uzito wake wote, na Ashraf si mwembamba. Kikapinda, kikarudi. Akaruka juujuu mara kadhaa anaapa kwa Mungu wake. Hakikukatika.

"Haya, Mmwera," akasema anahema, "leo nimekuvulia kofia."

Rosa alikuwepo, amekaa kwenye benchi. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Saturnini akazunguka nyuma ya banda, akaegemea ukuta, akalia. Alilia kwa sababu ya furaha na kwa sababu ya kuchoka, na kama ungemuuliza ni ipi iliyozidi asingejua. Aliporudi alisingizia salfa.

Basi, kikabaki kijiwe kimoja kizima. Mchana wa Alhamisi hiyohiyo wakafunga chuma chenyewe, stenlesi huku na springi huku, vimekutana uso kwa uso. Agatha alisimama kwenye swichi. Saturnini alishika gurudumu la kusogezea meza, maana lile linataka mkono uliozoea. Ncha ikashuka, ikagusa, ikaanza kulia. Chuma kikageuka rangi ya majani makavu, kikawa zambarau, kikawa kijivu, ncha ikazama. Saturnini akaanza kuzungusha gurudumu, kidogo, kidogo. Jasho lilimwingia machoni na hakuweza kulifuta. Bega liliwaka. Karibu na mwisho wa mstari mkono ukamchoka ukasita, ncha ikasugua mahali pamoja kupita kiasi, na wekundu ukajitokeza.

"Tembea, mjomba, tembea! Usigande hapo!"

Akatembea. Ncha ikafika mwisho, ikainuka, kijiwe kikiwa kimelika na kumeguka, hakifai tena hata kwa kukwaruzia sufuria. Lakini kiungo! Kilikuwa kimelala pale laini, kina vimistari vya duara vilivyopangana kama alama za vidole vya mfinyanzi. Agatha alimkumbatia mjomba wake akiwa na aproni chafu vilevile, akapiga kigelegele. Wakati huohuo simu yake ikaita. Alikuwa Sista Beatrisi, anataka kujua mama yake atapandia gari gani kwenda Ruangwa, na chini ya mabati mtandao haukamatiki.

"Kifukie, mjomba, nakuja," Agatha akasema, akatoka.

Saturnini akalegeza vibano. Akachukua koleo, akakiinua chuma. Mlangoni akatokea mwanamke mmoja wa Marambo, Biasha, mwenye mikorosho mingi na maneno mengi, amebeba mashine yake kichwani.

"Fundi, wewe! Uliniambia jana, leo unaniambiaje? Maua yangu yanakwisha na ubwiri!"

"Mama, subiri kidogo," Saturnini akasema, akamgeukia, na mkono ukaenda.

Chwaaa.

Alikitoa haraka, lakini maji yalishanywewa. Mvuke ulikuwa bado unapanda alipokisikia kisauti, tik, kidogo kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti chumba cha pili. Biasha hakusikia, alikuwa anaendelea na ubwiri wake. Saturnini alisimama na koleo mkononi. Akapitisha ukucha wa dole gumba pembeni ya kiungo, upande wa springi. Ukucha ukakwama. Ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho haliuoni ila ukucha unaujua.

Akakifukia kwenye majivu, harakaharaka, kama mwizi anavyofukia.

"Umekifukia?" Agatha akauliza aliporudi, uso wote kicheko.

"Kimo humo kwenye majivu."

Na kweli kilikuwamo. Agatha akapiga tena kigelegele, akampokea Biasha mashine yake kichwani, akamwambia akae apumzike.

Ijumaa asubuhi Saturnini alifika bandani peke yake, mapema. Akakitoa chuma, akakipangusa, akakipaka oili. Oili ikaujaza ufa na ufa ukapotea. Akakaa nacho mapajani akakitazama. Kilikuwa chuma kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Akakiongezea mikanda mipya.

Mtu aliyechoka ana mshauri wake, na ushauri wake siku zote ni mmoja: acha tu. Kanisa lenyewe si refu. Kutoka mlangoni mpaka altare ni hatua za kuhesabika, na chuma kibovu huwa kinavumilia wiki, mara nyingine mwezi. Hiki kwa nini kisivumilie Jumamosi moja? Mungu si yupo? Misa yenyewe si yake? Ikipita Jumamosi atakitengeneza upya, atatafuta vijiwe vingine, atalala kwanza. Alitamani kulala kuliko alivyotamani kitu kingine chochote. Kijiwe hakuna, siku hakuna, nguvu hakuna. Akisema, Rosa atamtazama kwa yale macho ya zamani. Asiposema, pengine hakuna kitakachotokea. Pengine.

Wakaja wote pamoja. Agatha, na Ashraf aliyejialika, na Rosa amevaa viatu vya Jumamosi vilivyopigwa kiwi na gauni jipya la kitenge, maana alitaka kujaribu kila kitu kwa pamoja. Akakaa kwenye benchi. Akapokea chuma, akakigeuza, akapitisha kiganja juu ya kiungo na kutabasamu. Akakiingiza kwenye kiatu, akafunga mikanda mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Unajua," akamwambia mumewe, "kila ulichokuwa unanipa nilikuwa nasimama roho iko juu. Nilikuwa sikwambii. Hiki sikiogopi. Nimemwona Ashraf akining'inia."

"Na chapati zangu tumboni," akasema Ashraf.

Rosa akaweka kiganja kimoja kwenye benchi, akavuta pumzi ili ainuke.

"Ngoja," Saturnini akasema.

Sauti yake ilitoka vibaya hata Ashraf akageuka. Saturnini akapiga magoti mbele ya mkewe, akaanza kufungua mikanda. Kishikizo cha mkanda wa juu kikamshinda, Rosa akamfungulia. Akakitoa chuma kwenye kiatu. Akaenda nacho kwenye vaisi, akakibana chini kidogo ya kiungo, akavika lile bomba, akavuta. Hakuvuta hata kwa nguvu. Kikakatika kama muhogo mkavu, bomba likaanguka chini likavingirika mpaka kwenye miguu ya Ashraf.

"Mjomba!" Agatha akapiga kelele. "Mjomba, umefanya nini?"

"Nilikinywesha maji." Alikuwa amewapa mgongo wote, anaongea na vaisi. "Jana, ulipotoka na simu. Nilimgeukia yule mama, mkono ukaenda. Nikasikia kimepasuka. Nikakuficha."

"Lakini nilikwambia! Kila siku nilikwambia!"

"Uliniambia."

Agatha akajishika kichwa. Alitazama kile kijiwe kilichomeguka, akatazama chuma, akaanza kulia kwa hasira kama mtoto. Ashraf, mtu ambaye hajawahi kukosa neno, aliokota bomba akalisimamisha ukutani taratibu, akatafuta pa kuangalia akapakosa.

Saturnini akateleza chini, akakaa sakafuni kwenye unga wa chuma na mgongo umeegemea mguu wa meza.

"Nimechoka, Rosa," akasema. Mbele za watu hakuwa anamwita kwa jina. "Nimechoka mpaka nikataka ukikanyage hivyohivyo. Asubuhi hii nimekaa hapa nikataka kabisa. Nilisema labda kitafika altareni."

Nje mtu aliita, "Fundi!" na Ashraf akatoka akamwambia aende, arudi baadaye.

Rosa akanyoosha mkono. Agatha akafungua vaisi, akampa vile vipande viwili, na Rosa akaviweka mapajani juu ya gauni jipya, oili na yote. Akaunganisha mahali pa mkato, akaachanisha, akaunganisha tena.

"Vyote vimekatikia mguuni kwangu," akasema. "Hiki ndicho cha kwanza kukatikia mkononi mwako."

Saturnini hakuinua uso.

"Nitazame, Baba Beatrisi. Nimekaa. Sijaanguka." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kesho nitakwenda na mkongojo wangu, Beatrisi atanishika mkono wa pili, na wewe utabeba mishumaa yote miwili. Askofu atangoja."